Pazia la Maboga

Mama alipokuja kunitembelea Dar es Salaam, nilimpeleka kuona ghorofa jipya la mtaani kwetu, lile lililofunikwa majani kuanzia chini mpaka juu ya paa. Watu hupita wakilipiga picha. Mama alilitazama weee, akavuta khanga yake begani, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani anajificha humo?"

Nilicheka mpaka machozi. Lakini utamu wa swali hilo huwezi kuupata mpaka nikupeleke kwetu Bulyaga, pale Tukuyu, kwenye ua mdogo wa nyuma ya nyumba yetu.

Ua wenyewe ulibeba kila kitu: bomba, choo, kamba ya nguo na jiko la bati, ambamo mama alipika ndizi kwa kuni zisizokauka, maana kwetu mvua ni mvua. Tulitoshana vizuri tu, hadi bibi alipofariki kule Lufingo na baba akamleta babu tukae naye. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mama alilelewa katika mila ya ukutila: mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, wala hakatizi mbele yake. Mchungaji alikwisha kumwambia kuwa siku hizi si lazima. Mama akasema mchungaji hajawahi kuwa mke wa mtu.

Basi babu akitoka kuota jua, mama anajifungia jikoni. Na babu alikuwa mtu wa kuota jua, nakwambia! Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele, "Babu anatoka!" na "Babu kaingia!" Sauti nilikuwa nayo, jirani alisema tangu nianze kutangaza hana haja ya redio.

Siku moja babu alikaa nje tangu asubuhi. Mlango wa jiko umefungwa, moshi unatokea kila tundu la bati, na mama anakohoa ndani. Babu akaniita. "Mjukuu wangu," akasema, "mtoto wa watu atakufa na moshi kwa ajili yangu. Kesho narudi Lufingo." Lufingo hakukuwa na mtu hata wa kumchotea maji. Nililia usiku huo, na baba naye hakula.

Asubuhi babu alitoka na furushi lake limefungwa. Akasimama. Kati ya kiti chake na jiko palikuwa na safu ya fito za mianzi, ndefu kupita paa, na chini ya kila fito udongo umetifuliwa na kumwagiwa maji. Mama alikuwa ameamka kabla ya wote akapanda mbegu za maboga. Kumwambia mkwe wake "usiondoke" hakuweza, mila haikumruhusu. Babu aliziangalia fito zile kwa muda, kisha akaketi na kufungua furushi.

Baba alitundika mkeka pale hadi maboga yalipokua, na kwa mvua ya Tukuyu hayakuchelewa. Babu aliyaelekeza kwa upande wake, mama akayamwagilia kwa upande wake. Yalipanda mianzi, yakavamia bati la jiko, yakatanda juu yote. Baba alilalamika kwamba bati litaoza, huku akiongeza mboga ya majani hayohayo kwenye sahani yake. Na kabla mmea haujazeeka, babu alikuwa tayari amefukia mbegu nyingine, ili pazia lisitoboke.

Mchana mama alipitisha sahani katikati ya majani. Mkono wa babu ukaipokea, na sauti yake ikasema, "Ndaga." Asante. Ikawa hivyo hadi alipofariki.

Leo ua ule umejengwa fremu za maduka, na wakamwana wa siku hizi wanapiga picha wakiwa wamewakumbatia baba wakwe zao. Siwalaumu. Ila harufu ya majani yale yaliyolowa mvua ninaikosa, kwa kweli.

Nilipomaliza kucheka pale chini ya ghorofa, mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameingiza vidole katikati ya majani.

"Uso wa babu yako niliuona kwenye picha tu, siku ya mazishi," alisema. "Lakini mkono wake ukitokea hapa sasa hivi, naupa sahani."