Naam Kutoka Ghorofani

Mama alimkana mdogo wake mlangoni petu, na mdogo wake akaitika kutoka ghorofani.

Ilikuwa miezi ya mwanzo baada ya Mapinduzi. Mjomba alikuwa karani katika serikali iliyoondoka, na makarani wenzake walikuwa wakichukuliwa kuhojiwa. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Tulimficha chumba cha juu, nyumbani kwetu Mji Mkongwe, na mama akatukataza hata kulitamka neno "mjomba".

Kukana, kwetu, lilikuwa neno zito. Wali hukataliwa, posa hukataliwa. Tulipobisha kwamba hatukuvunja kikombe, bibi alisema huko ni kubisha tu. Anayekanwa ni Mungu au jamaa, na kumrudia ni kazi.

Asubuhi ile walikuja wawili: kijana mwenye bunduki, na mzee wa mtaa wa Ng'ambo aliyewasomesha mama na mjomba Kurani chuoni walipokuwa wadogo. Mimi nilikuwa nakuna nazi ukumbini.

"Shikamoo, mwalimu," mama alisema.

"Marahaba. Mdogo wako yumo?"

"Hayumo."

"Kenda wapi?"

"Mie sina mdogo, mwalimu. Yule si wangu tena."

Kijana akacheka. "Juzi ulikuwa naye, Bi. Kakudondoka Darajani?"

Mzee hakucheka. Aliinua uso kuelekea ngazini, akamwita mjomba kwa jina, kwa sauti ile ile ya chuoni, ambako aliyeitwa asiitike alichapwa.

"Naam," ikajibu sauti kutoka juu.

Nikaacha kukuna. Mjomba alishuka mwenyewe, akifunga vifungo vya shati, akampita mama bila kumtazama.

Alirudi karibu na Idi Kubwa, amekonda. Mama alimtilia chai.

"Ahsante, Bi," akasema.

Tangu ajue kusema alikuwa akimwita dada. Kuanzia siku ile ikawa Bi, hata kwenye maziko ya bibi, mama yao. Baba alidhani huenda kule aliulizwa kama ana dada, naye akasema hana, ili mama asionekane mwongo. Shangazi alisema hapana, kaumia, na anamlipa.

Mama hakuthubutu kumwuliza. Miaka ikapita, nami nikaolewa, na bado kila nilipokuwa kwake, na mjomba akabisha mlangoni, mama aliacha alichokishika, akangojea neno la pili.

"Hodi, Bi."