Bawabu Aliyejifungia Nje

Saa tano asubuhi, Bawabu anasoma orodha ya seva kwa sauti, kidole kwenye skrini. "Huyu aingie. Huyu aingie. Huyu asiingie." Mistari mia mbili na kumi na miwili. Chai imeshapoa.

Bawabu ni jina alilopewa hapa chuoni. Kazi yake ni kukagua orodha inayoiambia seva, ile kompyuta kuu ya chuo, impokee nani na imfukuze nani. Ana miaka thelathini na minne, tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye kiti hiki, kwa mikataba ya miezi sita sita. Mkataba wa sasa unaisha leo.

"Mama yangu mpaka leo ananiuliza, kazi yako ni kufungua au kufunga? Namwambia vyote, mama. Ananionea huruma."

Leo kumefungwa. Wanafunzi themanini na wanane hawajajisajili kwa sababu seva inawakataa, na usajili unaisha saa sita kamili. Mkuu wa kitengo amesimama nyuma ya kiti chake, hataki kukaa.

"Binti yangu, saa sita ikipita hawajaingia, usinitafute kuhusu mkataba wako."

Bawabu anaamuru seva ijikague. Seva inajibu kwamba kila kitu kiko sawa.

"Si umeona?" anasema mkuu.

"Mzee, hiyo inakagua herufi. Haikagui akili."

Anarudi juu kabisa na kuanza kusoma upya. Mstari wa tatu: zuia wote. Seva husoma kutoka juu, na ikikuta jibu haisomi tena. Wanafunzi wameruhusiwa mstari wa arobaini, huko ambako seva haifiki.

"Nani kaweka hii jana jioni?"

Mkuu anakohoa. "Nilikuwa nazuia wahuni. Lakini wanafunzi si nimewaruhusu hapo chini?"

"Umefunga geti kwa kufuli, mzee, halafu ukaacha mlango wa chumbani wazi."

Anaushusha ule mstari mpaka mwisho kabisa. Na kwa kuwa ni mtu wa usafi, anafuta pia mstari wa kwanza, unaoruhusu "kompyuta ya stoo". Stoo ilishavunjwa. Kabla ya kuwasha orodha mpya, anatega saa, kama afanyavyo siku zote: dakika kumi zikiisha bila yeye kuthibitisha, seva irudie orodha ya zamani. Ni saa sita kasoro robo.

Anawasha. Wanafunzi wanaingia. Skrini yake inaganda.

Anainama chini ya meza. Ubavuni mwa kompyuta yake kuna karatasi iliyochakaa: STOO. Alipewa walipovunja stoo.

"Kwa hiyo wote wameingia," mkuu anasema taratibu, "isipokuwa bawabu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi si kazi imeisha?"

"Siwezi kuthibitisha nikiwa nje. Kasoro tano inarudi ile orodha yako."

Seva yenyewe iko jengo la pili, na mwenye ufunguo yuko benki. Wanakaa. Mara hii hata mkuu anakaa. Anayepiga simu ni dada wa usajili: wamebaki arobaini. Wamebaki ishirini. Wamebaki tisa. Kasoro tano, simu inalia tena.

"Jamani, mmefunga tena?"

Bawabu tayari anaandika, kwa sababu orodha ya zamani imemfungulia yeye mlango. Safari hii anagusa mstari mmoja tu, ule wa mkuu, na stoo anaiacha ilipo. Kasoro tatu, anathibitisha. Kasoro moja, dada wa usajili anasema wa mwisho ameingia, na alikuwa analia.

Mchana mkuu anasaini mkataba, wa mwaka mzima safari hii. Anauliza kama kuna nyongeza anayotaka.

"Nenosiri lako la seva," anajibu Bawabu.

Mkuu amesema atalifikiria. Bawabu hana haraka, ana mwaka mzima.

"Simfukuzi, ni mkubwa wangu," anasema, akipasha chai. "Nataka kumwandikisha kama mgeni. Aingie, atazame, asiguse."