Siku Mpira wa Rede Ulipompiga Bibi Mwanaasha

Sisi tuliokulia kwenye mchanga wa mtaa wa Ngamiani hatukuhitaji simu ili tuone vituko vya mpira. Juzi mjukuu wangu Salma alinikalisha kitako anionyeshe Wamarekani wanaocheza besiboli kwa mshahara. Mpira mmoja umerushwa, njiani ukampiga ndege. Mwingine umezama ndani ya fulana ya mchezaji, wenzake wanampekua kama mwizi wa kuku. Salma alicheka mpaka akapaliwa. "Bibi, haya hayatokei ila mara moja baada ya miaka chungu nzima," akaniambia. Nikamwonea huruma. Mtoto hajapata kucheza rede.

Nyie wasichana wa rika langu mnaikumbuka. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, walio katikati wanakwepa. Ukipigwa umetoka, unakaa pembeni. Katikati kuna chupa tupu, na anayebaki huijaza mchanga huku akikwepa. Akiijaza na kuimwaga, amewaokoa wenzake wote, wanarudi mchezoni. Mpira wetu ulikuwa soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na kuzungushiwa singa za mkonge, ukikupata mgongoni unalala na alama. Tulicheza alasiri, tukitoka chuoni na juzuu zetu, sketi tumezipiga fundo, mchanga bado una moto wa mchana na harufu ya maandazi imetanda uchochoro mzima. Mama yangu alikuwa akisema mwanangu huyu nyumbani anakuja kulala tu, kwao ni uwanjani.

Na vituko tuliviona. Kunguru alipigwa akiwa angani, akaanguka, akainuka, akatutazama kwa dharau na kwenda zake. Siku nyingine mpira ulitumbukia kwenye sufuria ya mama muuza mbaazi. Akauopoa kwa upawa, akautupa kando, akaendelea kupakua, na wateja wakasifu kwamba leo mbaazi zimekolea. Kuna siku mpira ulipasuka hewani, soksi ikampiga mwenzetu Halima na matambara yakampita. Tulibishana mpaka magharibi kama Halima ametoka mzima au nusu.

Lakini kikubwa kuliko vyote kilitokea siku ya mwisho ya Zaina.

Zaina alikuwa binti wa jirani yetu, tumelala mkeka mmoja tangu tunanyonya. Alikuwa amemaliza darasa la saba, ameshavunja ungo, na bibi yake, Bibi Mwanaasha, alikwisha kusema: keshokutwa anawekwa ndani. Mnajua maana yake. Kungwi anakuja, pazia linashushwa, na msichana haonekani tena nje mpaka atolewe mwali, na mara nyingi anatolewa kwa sababu mume ameshapatikana. Zaina hakulia. Alimwomba bibi yake alasiri moja tu ya rede, akakubaliwa. Tukiwa njiani aliniambia, "Nataka niijaze chupa yangu ya mwisho. Wasije wakasema Zaina kaingia ndani kashindwa."

Basi tukacheza. Upande wa pili alikuwepo Anastazia, mtoto wa mkata mkonge aliyehamia mjini, Mkatoliki, mkono wake tuliuogopa kuliko fimbo ya mwalimu. Mwenzake alikuwa Halima. Walitutoa mmoja mmoja, mpaka sote tumekaa mchangani na Zaina kabaki peke yake na chupa. Anachota gao moja la mchanga, anakwepa. Anachota jingine, analala chini, mpira unapita. Chupa imevuka nusu.

Hapo ndipo alipotokea Bibi Mwanaasha. Kungwi alikuwa amefika mapema, bibi kaja kumchukua mwali wake. Watu wazima wa enzi zile hawakuzunguka mistari ya watoto. Alikatiza uwanja katikati, kanga yake kichwani, wakati Zaina kainama kwenye chupa na mpira wa Anastazia umeshatoka mkononi. Ukampata bibi kiunoni, pu.

Sote tukamgeukia Anastazia.

"Shikamoo, bibi," Anastazia akasema, mpira bado unabiringika.

"Marahaba. Una mkono mzito, mjukuu wangu."

Halima, ambaye hata siku ya Kiyama atadai haki yake, akasema mpira ule ulikuwa wa Zaina, bibi kaukinga tu, kwa hiyo Zaina katoka. Nilimwona Zaina anaitazama ile chupa. Bibi akatugeukia. "Sheria yenu ikoje? Mpira ukipiga mtu, anatoka nani?"

"Aliyepigwa, bibi," tukajibu.

"Basi nshatoka mimi."

Akaja akaketi mchangani pamoja nasi tuliotolewa, akanyoosha miguu, akajitengeneza kanga. "Haya, rusheni. Zaina, mwanangu, jaza hiyo chupa. Nangoja kuokolewa."

Sijapata kumwona mtu akikwepa vile. Zaina aliijaza, akaimwaga, tukaruka juu tukipiga vigelegele, na bibi akapiga chake akiwa amekaa chini, kwa sababu kuinuka kulimshinda. Zaina ndiye aliyemshika mkono akamwinua. Kisha wakaondoka, mkono ule ule, polepole, na sisi hatukucheza tena jioni ile.

Aliolewa Moa, kijiji cha wavuvi, na ndiko aliko mpaka leo, anaanika dagaa na kulea wajukuu. Nilipomaliza kumsimulia Salma, aliniuliza, "Sasa yeye Zaina aliokolewa na nani?" Bibi yake alimpenda, hilo niliona kwa macho yangu, na ndiye aliyemfungia.

Siku hizi hakuna anayemweka Salma ndani. Anajiweka mwenyewe, pazia kalishusha kwa mkono wake ili jua lisiguse kioo cha simu, ananiambia nje kuna joto. Atasoma mpaka achoke, ataolewa akipenda, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Uwanja wetu umejengwa fremu za maduka. Ila mara nyingine namtazama alivyojilaza na alasiri zake zote hizo, hana habari nazo, na natamani ningeweza kuzikusanya nikampelekea Zaina kule Moa.