Maiti Niliyoipa Jina Lisilo Lake

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitali ya wilaya Biharamulo, nilikabidhiwa aproni ya mpira, ndoo na sindano ya kushonea magunia. Nilikuwa mganga msaidizi mpya na nilidhani nitapelekwa wodini. Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu mrefu asiyependa maneno, alinipeleka moja kwa moja chumba cha maiti. Alisema wagonjwa wana watu wengi wa kuwasemea, hawa wa huku hawana.

Alinifundisha kwa mikono yake: kuipima maiti kabla ya kuigusa kwa kisu, kutazama meno, kucha na makovu, kisha kuandika ulichokiona kabla hujaambiwa na mtu yeyote unachopaswa kukiona.

Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nikahamishiwa Ngara. Mganga Mkuu wa huko alikaribia kustaafu, na kila hati yangu ya uchunguzi ilipita kwake kabla ya kwenda polisi.

Mwaka wa vita, vijana wengi wakiwa mstari wa mbele, polisi walileta maiti iliyoopolewa mto Ruvubu. Ilikuwa imekaa majini siku nyingi, uso hautambuliki. Mwilini ilikuwa na koti la kijivu lenye kiraka cha kitenge begani. Habari za kiraka zilifika Mabawe, na Mzee Bambanza akaja kwa miguu. Alilishika lile koti, akasema kiraka alikishona mkewe, na huyu ni Yohana, mwanawe aliyeondoka kwenda vitani.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona mkono wa kushoto. Mfupa ukivunjika ukaunga huacha uvimbe mgumu, na huu uliunga vibaya, mkono ukapinda chini ya kiwiko. Nilimwuliza mzee kama Yohana aliwahi kuvunjika. Alinitazama kama asiyesikia, akasema hakumbuki. Nikaenda kumweleza Mganga Mkuu.

"Baba amemtambua mwanawe," alisema. "Wewe ni nani wa kumkatalia? Andika jina, watu wakazike."

Niliandika. Habari za mkono sikuziandika.

Walimzika Mabawe. Mke wa Yohana alikaa matanga, akarudi kwao Bukiriro, na baadaye akaolewa na mtu mwingine.

Karibu miaka miwili ilipita. Wanajeshi walipoanza kurudishwa makwao, Yohana alirudi mzima, begi la jeshi begani. Mama yake alipomwona akiingia uani alianguka. Siku ya tatu Yohana alikuja ofisini kwangu na baba yake. Hakufoka. Alieleza kwamba koti alimpa kijana wa Bugarama aitwaye Denisi, aliyekutana naye kituo cha kuandikisha mgambo. Denisi alikataliwa kwa sababu mkono wake mbovu haukuweza kushika bunduki sawasawa. Alikuwa akilia kwa aibu, na kulikuwa na baridi.

"Mke wangu ameshazaa na mtu mwingine," Yohana alisema. "Nimekuja unifute kwenye karatasi zako."

Polisi walimtafuta mama yake Denisi. Kwa kuwa mwanawe hakurudi nyumbani, muda wote huo aliamini kwamba alipokelewa na yuko vitani. Maiti haifukuliwi bila amri ya mahakama, basi tukaisubiri amri ya hakimu. Mganga Mkuu alikuwa ameshastaafu, kwa hiyo kaburini nilikwenda mimi.

Mama Denisi alisema mwanawe alianguka kutoka kwenye mparachichi akiwa darasa la pili. Nilimwonyesha mfupa. Aliupapasa ule uvimbe kwa kidole gumba, taratibu, akasema, "Ni yeye."

Kisha aliniuliza kama mwanawe aliteleza mtoni au aliingia mwenyewe. Nilimwambia mapafu yalikuwa na maji, na mapafu hayasemi zaidi ya hapo.

Mzee Bambanza aliomba awe mmoja wa wabebaji wa jeneza kwenda Bugarama. Kaburi lile alikuwa akilipalilia kila wiki.

Baadaye nilisomeshwa zaidi, na miaka yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilifundisha shahada ya uzamili ya sayansi jinai. Wenzangu walikuwa mabingwa wa sumu, wa damu, wa risasi. Mimi kwenye orodha ya walimu niliandikwa bingwa wa utambuzi wa maiti, na wanafunzi walinisikiliza kwa heshima iliyoniumiza. Kisa hiki niliwasimulia siku waliyoniaga. Binti mmoja akauliza kama nilimwomba radhi yule mama.

Nilimwomba, pale pale kaburini. Aliniuliza, "Huu mkono uliuona siku ile ya kwanza?"

Nikasema, "Niliuona, mama."

Akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akawaambia wanaume wafunge jeneza. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikurudi Bugarama kumwuliza.