Orietta wa Njia ya Warumi

Kijijini kwetu mtu mzima akikimbia, ama nyumba inaungua ama ng'ombe kakata kamba. Orietta Baldelli alikimbia kila alfajiri bila sababu yoyote kati ya hizo, tena kwa hiari yake, juu ya mawe ya njia iliyojengwa na Warumi wa kale. Njia hiyo inapita nyuma ya baa yangu, inashuka hadi darajani, inakatiza msitu wa mialoni na kufika kanisa la Mtakatifu Roko. Sikumwamini. Mtu asiyefukuzwa na kitu anakimbilia nini?

Si mgeni. Alizaliwa hapa, binti wa fundi wa mapaa, akaolewa Pesaro, akaachika, akarudi na nywele fupi na kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee mjini. Akimaliza kukimbia hupita kwangu na matope yake, anakunywa kahawa amesimama, anaenda kazini. Ukimuuliza habari anasema "nzuri," na mazungumzo yameisha. Watu wa namna hiyo hunitia wasiwasi, na baa haiendeshwi na wateja kama hao.

Wanaume wasiwasi wao ulikuwa mwingine. Msitu ule una tartufo, uyoga mweupe wa bei ghali unaokaa chini ya udongo kwenye mizizi ya mialoni, na mbwa ndiye anayeunusa. Mahali unapoota ni siri ya mtu na mbwa wake. Wanaume wa hapa huegesha gari bonde hili wakaenda kuchimba bonde lile, kisha wanarudi wakiapa hawajapata kitu, na huku mifuko yao inanukia hadi mlangoni. Basi wakamwona mwanamke anapita kila siku, hana mbwa, hana jembe, macho chini.

"Anachora ramani kichwani huyo," alisema Gualtiero, mwenye mdomo kuliko wote.

"Anaangalia mawe asivunjike mguu," nilimjibu, ingawa sikuwa na hakika.

"Mtetee tu, Iole. Siku moja utasikia kafungua duka."

Novemba mbwa wakaanza kufa. Mtu alikuwa anatega madonge ya nyama yenye sumu ya kuulia konokono, ile ya chembe za buluu, ili wenzake waogope kuingia msituni. Mbwa anakula asubuhi, anarudi nyumbani mzima, jioni anatetemeka, basi. Amekula wapi, hakuna ajuaye. Lampo, mbwa wa mzee Settimio, alikufa hivyo. Mzee alikuja kukaa kwangu na kamba ya mbwa mapajani, hakuagiza kitu. Mimi sipendi mbwa, lakini niliingia jikoni nikalia.

Siku chache baadaye Gualtiero akaja na habari yake. "Nimemwona juzi kwa macho yangu. Kati ya daraja na kanisa, kavaa glavu, anainama. Anaweka kitu yule."

Wanaume wakakubaliana Orietta asikanyage tena njia ile. Akibisha, watakwenda kwa wakubwa wake wa kazi kuwaambia kwamba anaua mbwa, na wazee awafulie mtu mwingine.

Walimngojea kwangu asubuhi, mzee Settimio naye kakaa pembeni. Birba, mbwa wa Gualtiero, alikuwa amelala chini ya meza. Orietta akaingia anahema, nikamwekea kahawa.

"Njia ile uisahau kuanzia leo," alisema Gualtiero.

"Kwani ya baba yako?"

"Mbwa wanakufa. Unainamia nini kule?"

Orietta akafungua kifuko cha kiunoni, akatoa mfuko wa plastiki, akauweka kwenye kaunta karibu na sukari. Ndani mlikuwa na madonge ya nyama yenye chembe za buluu. "Naokota. Hizi za leo."

"Mnaona? Anatembea nazo kabisa."

Wanaume wakaguna. Hata mimi nilirudi nyuma hatua moja. Anayebeba sumu anaweza kuwa ndiye aliyeileta.

Orietta hakupandisha sauti. "Gualtiero, tunapishana kila asubuhi. Ukifika darajani unamvalisha Birba kikapu cha mdomoni, asiweze kula kitu. Ukifika kanisani unamvua, anaendelea kunusa."

"Kwa sababu kuna sumu, we mama."

"Mbwa wote wamefia majumbani. Nani alikwambia sumu iko kati ya daraja na kanisa tu?"

"Si nimekuona wewe unaiweka?"

"Juzi," alisema mzee Settimio. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu msiba wake. "Umesema ulimwona juzi. Birba nilimwona na kikapu pale darajani wakati Lampo wangu bado mzima, kabla hujamwona mtu yeyote. Nikakuuliza, ukaniambia siku hizi anauma."

Mzee akainama kwa shida, akapeleka vidole vyake chini ya meza, puani pa Birba. Birba akavilamba.

Gualtiero akamvuta mbwa wake, akatoka, glasi yake ikabaki na divai. Tangu siku hiyo sijamuuzia nyingine, na asijaribu kuniomba.

Orietta hakuombwa radhi na mtu. Ndivyo tulivyo, na niliwakasirikia wote, wakiwemo watu wa nyumbani kwangu. Ila kesho yake, kupitia dirisha la nyuma, nilimwona mzee Settimio amesimama darajani na kamba mkononi, hana mbwa. Orietta alipofika akasimama. Wakaingia msituni pamoja, wakakaa huko kitambo.

"Mlikuwa mnafanya nini kule, mzee?" nilimuuliza baadaye.

"Nimemwonyesha mwaloni wangu."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Mwaloni ule hajamwonyesha hata mwanawe wa kumzaa, na mke wake amekufa bila kuujua.

Orietta alipokuja kunywa kahawa, nilifuta kaunta ambayo ilikuwa safi. "Ni mwaloni upi, mwenzangu?"

"Kahawa nzuri leo," alisema, akaenda kazini.