Spika Niliyoifunika Kanga

Ninaikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nilipochukua wembe nikaichana spika isiyokuwa yangu.

Usicheke ukimsikia mzee anayesomesha watoto Kurani hapa Msambweni akizungumzia gitaa la umeme. Nami nilikuwa kijana. Bendi yetu ilikuwa imebakiza siku mbili ijaribiwe katika hoteli moja kule Diani, na meneja alitaka rock ya kikorofi, sauti inayokwaruza kama msasa juu ya ubao. Gitaa langu lilitoa sauti laini, ya harusini. Mtu akaniambia Wazungu huipata ile sauti kwa kuchana spika. Nikaamini.

Amplifaya yenyewe, lile sanduku la kukuza sauti lenye hiyo spika ndani, aliniazima Mzee Bakari, fundi redio wa Ukunda. Nilichana mara moja, sikutosheka, nikaongeza mbili. Badala ya kukwaruza, ikakohoa kama mbuzi aliyepaliwa na ganda la muhogo.

Ijumaa baada ya sala niliirudisha, nimeifunika kanga ya mama.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mbona umemfunika huyu, anaolewa?” Akaifunua, akapitisha kidole kwenye michano. “Panya wa kwenu wana nyembe?”

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. “Si panya, baba. Ni mimi.”

“Alhamdulillahi,” akasema. “Spika itazibika. Ungenidanganya, hilo sina gundi yake. Keti. Amana umeiharibu wewe, utaitengeneza wewe.”

Tulipika gundi ya wanga wa muhogo, nikabandika vipande vya karatasi nyembamba juu ya michano. Kila nilipoharakisha, alivibandua nikaanza upya. Jumamosi ikapita gundi haijakauka. Bendi haikwenda, nafasi wakapewa wengine, na wenzangu wakaninunia. Niliumia, lakini kwa Mzee Bakari nilirudi.

Ilipokauka, akaniuliza, “Sauti huwa unaifungua hadi wapi?”

“Nusu, baba. Naogopa majirani.”

“Kumbe! Kidude chenyewe kidogo, hukibebeshi mzigo, halafu unataka kigune? Fungua yote.” Akanipa kipande cha kifuu cha nazi alichokisugua kikawa chembamba, cha kupigia nyuzi. “Na uache kulipapasa hilo gitaa. Lipige!”

Nikalipiga. Subhanallah, ikakwaruza! Nikilegeza mkono, sauti inatakata; nikikaza, inanguruma. Kumbe wembe haukuwa na kazi pale. Lakini mkono wangu bado ulikuwa mbichi, basi kila alasiri kwa miezi miwili nilipiga pale dukani kwake, vidole vikichubuka na kupona. Kisha nikawabembeleza wenzangu, tukarudi Diani kuomba tena. Meneja alisikiliza wimbo mmoja tu, akasema, “Hiyo ndiyo.”

Juzi, mwanangu, ulibonyeza simu uliyoiunganisha na gitaa lako ukiitafuta sauti hiyohiyo, ukakasirika hukuipata. Usiiache. Tafuta amplifaya ndogo, ifungue yote, kaza mkono, urudie kesho na keshokutwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na cha mtu kikiharibika mikononi mwako, kirudishe bila kanga.

Mola akupe mkono usiochoka na ulimi usioficha kosa, na kila anayekuazima chake akukumbuke kwa heri. Amin.