Koti Mbele ya Kamera Tupu

Kama mtu hajui kwamba amedanganywa, je, amedhulumiwa? Swali hilo lilininyima usingizi karibu mwezi mzima, na kila nilipolipatia jibu, nililitilia shaka jibu lenyewe. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu. Nilijua kulijenga jambo kwa hoja tatu, kisha kuzibomoa zote. Nililoshindwa ni kutembea hatua arobaini kutoka mlango wetu hadi mlango wa mzee mmoja pale mtaani kwetu, Jericho, na kumwambia ukweli.

Wenzangu niliomaliza nao masomo walikuwa wameajiriwa, wengine serikalini, wengine benki. Mimi nilinunua kamera ndogo ya sinema kutoka kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, nikaamua kutengeneza filamu kuhusu mafundi wa mtaa wetu. Picha nilipiga mwenyewe. Mkanda niliukata na kuuunganisha mwenyewe juu ya meza ya chakula ya mama, na muziki niliutunga mwenyewe kwa gitaa lililobakiwa na nyuzi tano. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa duka wakanibatiza Kampuni.

"Kampuni, sasa! Leo meneja yuko?"

"Meneja ametoka kumtafutia karani betri," mwingine alijibu kwa niaba yangu, wakacheka.

Nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni nilifurahi. Baba, aliyekuwa karani tangu ujana wake, hakucheka.

Filamu za kuweka ndani ya kamera ile zilikuja katika vijisanduku. Kimoja kilitosha dakika tatu na kitu tu, kisha ulikipeleka posta kikasafishwe ng'ambo, ukangoja wiki nyingi. Kwa hiyo nilikuwa na desturi yangu: mwanzoni niliiendesha kamera ikiwa tupu. Watu wakiona kamera hujinyoosha, hutabasamu, hugeuka sanamu. Ukiwangurumishia kamera tupu kwa muda, wanachoka kukutazama na kurudi kwenye kazi yao. Hapo ndipo unapoweka filamu. Sikuwahi kumwambia mtu. Niliuona ni ujanja wa kazi.

Yule mzee wa hatua arobaini alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani. Macho yaliyofifia yalikuwa yamemtoa karakanani, akabaki kuchonga nyuma ya nyumba aliyokaa na binti yake. Yeye ndiye aliyenijia. Alikuwa na kigoda cha miguu mitatu kilichobakia kutiwa waya wa shaba, waya mwembamba unaozungushwa na kugongwa ndani ya mti mpaka ukae kama uliota humo.

"Hiki ndicho cha mwisho," aliniambia. "Waya siuoni tena, naupapasa. Njoo uniweke kwenye picha yako kabla vidole navyo havijaniaga."

Jumamosi asubuhi nilimkuta amevaa koti. Koti la kanisani, la kijivu, na tai, mbele ya gogo na tezo. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni akicheka.

"Nimemwambia atalichafua, hasikii."

"Wajukuu wangu wataniona," mzee alisema. "Unataka waseme babu yao alikuwa kibarua?"

Niliiwasha kamera. Ilikuwa tupu, kama desturi. Kijisanduku changu cha mwisho kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nimekiweka akiba kwa mwisho wa filamu, jua likichomoza juu ya paa za mtaa. Nilidhani mzee angechukua muda kunizoea. Hakuchukua hata dakika. Aliinama, akaanza kutia waya, na huku akitia akaimba polepole, kwa Kikamba, wimbo aliomtungia marehemu mkewe. Binti aliacha kucheka. Mzee alijifuta macho kwa mkono wa koti, akaendelea kugonga. Redio yangu ya kaseti, ya kunasia sauti, ilikuwa ndani ya mkoba, haina betri.

Ningeweza kusema, "Mzee, ngoja kidogo." Kuweka filamu kungechukua sekunde kumi. Lakini nikisimama kuiweka, si atajua kwamba mpaka hapo nilikuwa nikimchezea? Nikawaza hivyo, nikawaza kinyume chake, nikawaza jua langu, na wakati nawaza, waya ukaisha. Akakipapasa kigoda kwa kiganja.

"Imeingia?"

"Imeingia, Mzee."

"Yote?"

"Yote."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili ulikuja wiki sita baadaye, aliponiuliza kama picha imerudi. Nilimwambia imeharibika huko ng'ambo, ilipokuwa ikisafishwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Kazi yako yote hiyo." Kisha akacheka kidogo. "Kumbe hata wazungu huunguza chakula."

Akaniketisha, binti akaleta chai, naye akanifundisha ule wimbo mstari kwa mstari ili angalau nipate muziki wake. "Picha imekufa," alisema, "wimbo haujafa." Niliinywa ile chai.

Nikaufanyia mazoezi kwenye gitaa, nikapanga kuupiga chini ya picha ya jua langu, nililolipigia kijisanduku kile cha mwisho. Jua lenyewe lilikuwa limerudi kutoka ng'ambo likiwa doa jekundu lenye ukungu, dogo kuliko kifungo.

Nilipewa ukumbi wa mtaa Jumapili moja alasiri, niionyeshe filamu. Siku hiyo, watu walipokuwa wakirudi kutoka kanisani, nilizitembea zile hatua arobaini. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi juu ya kigoda kile. Nilimwambia nikiwa nimesimama: kamera ilikuwa tupu, filamu ilikuwa mfukoni, hakuna mzungu aliyeunguza kitu.

Aliangalia mahali nilipokuwa badala ya kuniangalia mimi.

"Ilikuwa mfukoni?"

"Ndiyo."

"Mfuko upi?"

Nikamwonyesha.

"Basi nilivaa koti bure," alisema.

Nilianza kumweleza desturi yangu, jinsi watu wanavyojinyoosha. Aliinua mkono.

"Mimi nilijinyoosha?"

"Hapana, Mzee."

"Basi nenda. Una kazi leo."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Nyumbani nilichukua mkasi, nikalikata jua kutoka mwisho wa mkanda.

Alasiri ukumbi ulijaa. Madirisha tuliyaziba kwa blanketi. Mafundi walipojiona kwenye kitambaa cheupe tulichotundika ukutani walishangilia kama timu imefunga bao, na vijana wa ukutani wakapiga miluzi, "Kampuni! Kampuni!" Katikati ya kelele hizo mzee aliingia, bila koti, binti yake amembebea kigoda. Akaketi karibu na mlango.

Mkanda ukaisha. Niliacha taa ya projekta ikimulika kitambaa kitupu.

"Kampuni imefilisika!" mtu alipaza sauti, watu wakaangua kicheko.

Nilichukua gitaa, nikasimama kando ya mwanga. Baba alikuwa safu ya pili, na nilijua kwamba nikimtazama sitasema.

"Hapa," nilisema, "angekuwepo yule mzee aliyeketi mlangoni, akitia waya kwenye kigoda alichokikalia. Kazi hiyo aliifanya mbele yangu mpaka mwisho. Kamera haikuwa na filamu, na nilijua. Kisha nikamdanganya. Wimbo huu ni wake."

Nikaupiga wimbo wote, dakika tatu na kitu, mbele ya kitambaa kisicho na picha.